Rekodi ya marathoni huandaliwa kabla ya mbio kuanza

Waandaaji wa mbio za barabarani ninaowasaidia kupima njia huniuliza habari za rekodi baada ya mshindi kuvuka mstari, ilhali mengi yanayoamua kama muda wake utatambuliwa huwa yamekwisha kupita. Nawasihi waanze na njia yenyewe.

Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Kwanza mpimaji huiendesha mara nne kwenye kipande kilichonyooka, ambacho urefu wake umepimwa kwa tepu ya chuma, kisha hufuata njia nzima kwa mstari mfupi kuliko yote anaoweza kupita mkimbiaji, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona, na mwisho hurudi kwenye kipande kile kile kwa mara nne nyingine. Marudio hayo yana sababu: jua likipanda, hewa ndani ya tairi hutanuka, na hesabu ya alfajiri hailingani tena na ya adhuhuri. Juu ya vipimo hivyo huongezwa mita moja kwa kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni, kwa kuwa njia ikionekana fupi inapopimwa upya, rekodi haipo. Saa ya mkononi inayotumia setilaiti, hata iwe ya bei gani, haiwezi kushika nafasi ya kazi hii.

Umbo la njia nalo lina masharti. Umbali wa moja kwa moja kati ya mwanzo na mwisho usizidi nusu ya urefu wa mbio, na mteremko wa jumla kutoka mwanzo hadi mwisho usizidi mita moja kwa kila kilomita. Ndiyo maana Geoffrey Mutai wa Kenya alishinda Boston, ambako njia haitimizi masharti hayo, mwaka 2011 kwa saa 2:03:02, muda ambao hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amewahi kuufikia katika marathoni, na bado haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Naumia kwa ajili yake, lakini naitetea kanuni, kwa sababu bila hiyo kila mji wenye mlima ungejitengenezea rekodi. Muda wa 1:59:40 wa Eliud Kipchoge mjini Vienna mwaka 2019 haukuidhinishwa pia, kwani hayakuwa mashindano ya wazi na wadhibiti kasi, yaani wakimbiaji wa kumshikia mwendo, walikuwa wakipokezana njiani.



Makocha, msimruhusu mwanariadha aondoke kabla ya kupimwa dawa zilizopigwa marufuku, kwa maana bila sampuli ya siku hiyo maombi ya rekodi hayafiki mbali. Subira pia inahitajika: Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa 2:00:35 tarehe 8 Oktoba 2023, na rekodi ikaidhinishwa Februari 6, 2024. Fomu ya maombi hutakiwa kutumwa kwa Shirikisho la Riadha Duniani ndani ya siku 30, na mimi hukusanya saini za maofisa siku ile ile, kabla hawajatawanyika.