Chini ya kilemba: nawajibu mlioniandikia kuhusu nywele

Tangu niseme hapa kwamba chini ya kilemba changu hakuna unywele hata mmoja, simu haijatulia. Kumbe tuko wengi. Leo nimechukua maswali matano.

Shikamoo mama. Kisogoni pametoka duara tupu, laini, kama sarafu ya mia mbili. Haliwashi. Wenzangu hapa sokoni Mwanga hawaazimi tena kitana changu, wanasema nina mashilingi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Langu lilianza hivyohivyo. Msusi alikuwa anagawa nywele, mara mkono ukasimama. Akanyamaza kidogo, kisha akaninong'oneza: "Mama, hapa ulikuwa unapajua?" Miezi minne baadaye sikuwa hata na nyusi.

Mashilingi, au mapunye, ni fangasi: ngozi hutoa magamba, huwasha, na nywele hukatikia karibu na ngozi. Duara laini lisilowasha mara nyingi ni alopesia ariata. Hapo kinga ya mwili inaishambulia mizizi ya nywele, kama mlinzi anayempiga rungu mwenye nyumba. Haiambukizi, si kwa kitana, si kwa kofia, si kwa mto. Katika watu 100, kama 2 huipata wakati fulani maishani.

Ila mimi nauza dagaa, sipimi watu. Nenda hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, wakuangalie. Likiwa duara moja au mawili, mara nyingi nywele hurudi zenyewe ndani ya mwaka, pengine zikianza nyeupe, na daktari wa ngozi anaweza kukuchoma sindano za steroidi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, palepale kichwani kuziamsha. Zinaweza pia kutoka tena. Nakwambia mapema ili siku hiyo usianze kutafuta ulichokosea.

Kuhusu wenzako: nilichoka kumweleza mmoja mmoja. Asubuhi moja pale Kibirizi nikavua kilemba mbele ya wateja nikasema, "Ni kinga ya mwili, haiambukizi. Haya, nani anapimiwa kisado?" Mama mmoja akaomba kugusa. Nikainama. "Lo, laini!" akasema, kisha akaanza kubishania bei kama kawaida yake. Wewe si lazima ufanye hivyo. Mbunge wa Marekani, Ayanna Pressley, alikuwa akivaa wigi mpaka Januari 2020 alipoamua kuonyesha kichwa chake hadharani. Kila mtu na siku yake. Mimi mwenyewe kuna harusi naenda na wigi, na sioni kama nimemdanganya mtu.

Mwanangu wa miaka 7 ana mabaka yenye magamba, anajikuna usiku kucha. Krimu nimepaka mwezi mzima. Shuleni wanamwita "Ramani". (Mama, Kasulu)

Huyu sasa ndiye dalili zake zinafanana na mapunye. Fangasi akishaingia ndani ya unywele, krimu peke yake haimfikii. Mpeleke hospitali, akithibitika atapewa dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, na asiiache eti kwa sababu kichwa kimeanza kupendeza. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, na sisi watu wa mawese hapo hatuna udhuru. Kagua vichwa vya ndugu zake pia, na kinyozi asafishe mashine. Maji ya betri usithubutu kumpaka, hata kama jirani anakuapia.

Na shuleni nenda mwenyewe, ongea na mwalimu wa darasa. Jina la utani hukaa kichwani kuliko fangasi.

Mke wangu amejifungua miezi mitatu iliyopita. Akichana, nywele zinatoka mafungu. Analia. Mama yangu anasema ni jicho la jirani. (Baba Pacha, Ujiji)

Jirani hana kosa. Wakati wa ujauzito nywele nyingi huchelewa kudondoka. Baada ya kujifungua zilizochelewa huondoka kwa mkupuo, kwa kawaida kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 4. Mtoto akitimiza mwaka, kwa wengi zimesharudi. Akiwa anachoka kupita kiasi au ana kizunguzungu, apimwe damu. Wewe chukua hao pacha jioni, mama yao alale. Halafu neno "ni nywele tu" lisikutoke mdomoni.

Nywele za mbele zimerudi nyuma. Msusi anasema rasta lazima zibane ndiyo zidumu.

Badili msusi. Rasta zinazokutafutisha panado usiku zinang'oa mizizi. Ukiacha mapema, mara nyingi nywele hurudi. Ukiendelea miaka, mizizi inakufa na hakuna mafuta ya kuifufua. Gundi ya wigi nayo ipumzishe.

Rafiki yangu anaanza dawa za saratani hospitali ya Bugando. Nimnunulie wigi?

Muulize kwanza. Si dawa zote zinazoondoa nywele, lakini zinazoziondoa huanza kazi hiyo wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza, na wengine huamua kunyoa mapema kuliko kuziokota kwenye mto kila asubuhi. Tiba ikiisha huota tena, pengine kwa namna tofauti na zile za mwanzo.

Zangu zilipokuwa zinakwisha, shoga yangu alikuja na mashine ya mumewe. Tukakaa uani, akaninyoa, akazifagia na kuzifukia chini ya mgomba, kisha tukala ugali kwa migebuka. Hakuniambia nitapona. Aliniuliza tu kama upepo wa ziwani unaniuma kichwani. Ulikuwa unauma. Akavua khanga yake begani akanifunga nayo, na mpaka leo sijamrudishia.