Usifute Jina Lililochongwa kwenye Jagi la Fedha

Juzi msomaji mmoja anayeishi Uingereza kaniandikia. Kapata mnadani jagi la fedha la enzi za Malkia Victoria, ila tumboni lina maandishi ya zawadi. "Kaka, nimpelekee sonara alifute hilo jina ili liuzike?" Dada yangu, usimpelekee. Mimi nilifuta, na mpaka leo roho inaniuma.

Langu lilikuwa la mwaka 1864, shingo nyembamba, mkono umesokotwa kama mzabibu. Mbele, ndani ya duara la maua, waumini walikuwa wamemwandikia mchungaji wao shukrani kwa miaka 21 ya utumishi. Herufi za kulala, zimechongwa kwa mkono. Ukipitisha kucha unazisikia. Nikajiambia, nani atataka jina la mtu asiyemjua? Fundi akakwangua, akang'arisha, likawa kioo.

Mnunuzi wa kwanza alilipulizia pumzi. Mvuke ulipotanda, kivuli cha herufi kikajitokeza palepale. Akabonyeza kwa dole gumba pale palipokwanguliwa pakawa pembamba, pakabonyea kama kopo la maziwa. Akaliweka mezani, akaondoka. Nililinunua kwa pauni 640, nikaja kuliuza kwa pauni 390, karibu bei ya uzito wake tu.

Kumbe thamani niliikwangua mwenyewe. Enzi zile watu walichangishana, kama sisi tunavyomchangia mwalimu anayestaafu, wakamnunulia daktari, nahodha au mkuu wa stesheni ya reli jagi la mvinyo lenye jina lake. Jina hilo unaweza kulifuata: sensa za Uingereza tangu 1841 zinataja watu kwa majina. Mchungaji wangu ningempata, pengine na nyumba yake na wanawe. Nilimfuta kabla sijamtafuta.

Kwa hiyo soma maandishi kwanza, halafu mihuri, yaani alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha baada ya kupimwa. Simba anayetembea ni fedha ya 925 kwa 1000. Mji lilikopimwa nao una alama yake: nanga ni Birmingham, taji enzi hizo lilikuwa la Sheffield, kichwa cha chui ni London. Kichwa cha Victoria ni alama ya ushuru, 1838 hadi 1890. Ukikuta herufi EPNS, hiyo si fedha tupu bali ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, kazi ambayo Elkington wa Birmingham walipata hataza yake mwaka 1840. Herufi ya mwaka, yaani muhuri wa herufi unaoonyesha mwaka jagi lilipopimwa, isiwe ya baada ya tarehe iliyochongwa. Zawadi haiwezi kutolewa kabla jagi halijatengenezwa! Tazama na kifuniko, nacho kiwe na muhuri wake.

Na tuache pupa, jamani. Tunaharakisha kung'arisha vitu vya watu kabla hatujauliza ni vya nani. Mwaka jana niliuza jagi jingine, la mkuu wa stesheni, maandishi yake yote yakiwepo. Mnunuzi aliyasoma kwa sauti mara mbili, hakuomba hata punguzo.

Lako lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, likaushe kwa kitambaa laini, kisha nitumie picha ya hayo maandishi. Tumtafute mwenyewe.