Kabla ya kuchora kengele, tazama namba zako

Ndugu uliyeuliza kwa nini hesabu yako ya E. coli, bakteria wa kinyesi, inaleta bakteria chini ya sifuri, mimi yalinikuta hayo hayo Bwaise, hapa Kampala.

Nilichota sampuli za chemchemi moja kwa wiki kumi, moja kila wiki. Makoloni (vikundi vya bakteria vinavyoota maabara) katika mililita 100, nikiyapanga kuanzia dogo: 2, 4, 5, 8, 10, 12, 20, 30, 60, 850. Wastani ni 100, mchepuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) 264. Toa mchepuko mmoja tu, umefika hasi 164! Kibaya zaidi, mgawanyo wa kawaida, ule mchoro wenye umbo la kengele, ulidai kwamba nusu ya siku maji huvuka 100, na mimi nimeyaona yakivuka mara moja.

Uchafu wa maji haujumliki, unazidishwa. Mvua inaweza kuupandisha, tuseme, mara kumi, na maji mengi kuuzimua mara tano. Kwa hiyo kengele haikai juu ya namba ghafi, inakaa juu ya logi zake, yaani kipeo cha 10 kinachozaa kila namba. Kwa logi za kizio 10, wastani wangu ulikuwa 1.21 (ukirudisha, kama 16) na mchepuko 0.74. Logi ya 100 ni 2. Toa 1.21, gawanya kwa 0.74, unapata 1.07; jedwali la mgawanyo wa kawaida linasema maji huvuka 100 asilimia 14 ya siku. Hiyo naiamini. Ukiwa na sifuri, ambayo haina logi, jumlisha 1 kwa namba zote kwanza, na uandike kwamba umefanya hivyo. pH, kipimo cha uasidi wa maji, iache ilivyo, yenyewe ni logi tayari.

Sasa ile 850. Msimamizi wangu aliniambia niifute, imeharibu mchoro. Nilifungua daftari: mvua usiku kucha, maji rangi ya chai ya maziwa, choo cha shimo hatua kama ishirini juu ya chemchemi, na watoto wenye madumu wamepanga foleni. Sikuifuta. Walikunywa maji yale asubuhi ile.

Ule mpaka wa makoloni 100 ulinisaidia kuchagua chemchemi ya kushughulikia kwanza, basi. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka E. coli asionekane kabisa katika mililita 100, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba asilimia 86 ya siku yuko salama.

Tenga pia sampuli za mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na za kiangazi. Ukizichanganya unaweza kupata vilima viwili badala ya kengele. Weka hapa tarehe ulizochota, tuone zipi zilifuata mvua.