Kuunga mkanda wa msumeno kwa umeme: kwa fundi anayeanza

Mkanda wa msumeno, ule utepe wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu, ukikatika palepale ulipoungwa, fundi mgeni hukimbilia kuongeza moto. Mara nyingi moto ulitosha. Kilichoharibu kazi ni ncha zilizokatwa mshazari, kutu iliyobaki kwenye taya zinazobana mkanda, au kiungo kilichotolewa kwenye mashine kikiwa bado kigumu kama kioo. Umeme wenyewe hupita kwa sekunde chache tu. Kazi yenyewe iko kabla na baada ya hapo, na hilo linamhusu kijana anayeunga mikanda ya kukata mbao inayoletwa Nakuru kutoka Molo na Elburgon sawa na yule wa Kisumu anayekata vyuma.

Mashine ya kuungia mkanda haina gesi wala vijiti vya kuchomelea. Transfoma iliyo ndani hushusha volti 240 za stima hadi volti chache, na mkondo unapanda sana. Taya za shaba hubana ncha mbili za mkanda, springi inazisukuma zigusane, na pale zinapogusana ndipo ukinzani ulipo mkubwa, kwa hiyo joto huzaliwa hapo. Chuma kikishalainika, springi hukisukuma hadi ncha zishikane, na uchafu unatoka nje pamoja na chuma kinachofura kuwa nundu.

Joto hupanda na kushuka kwa mraba wa mkondo, na mkondo hufuata volti, kwa hiyo usidharau stima dhaifu. Volti ikitoka 240 hadi 216, umepoteza asilimia 10 ya volti lakini asilimia 19 ya joto. Jirani mwenye posho mill akiwasha mota yake, kipimo kilichokupa kiungo kizuri asubuhi kinakupa kiungo baridi. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba ya mita ishirini.

Kukata ncha kuna ujanja wake. Pishanisha ncha mbili ubavu kwa ubavu, meno ya moja yakitazama juu na ya nyingine chini, uzibane pamoja na kuzisaga kwa mpigo mmoja. Hata grainda ikienda upande kidogo, kosa la ncha moja litajazwa na la mwenzake zikikutana. Kata katikati ya bonde la jino, ukikumbuka kwamba kuunga hula chuma. Ili ujue mashine yako inakula kiasi gani, chora mistari miwili yenye umbali wa milimita 100 kwenye kipande cha mkanda uliotupwa, kiungo kikiwa katikati, kisha pima tena baada ya kuunga. Tofauti hiyo ndiyo utakayoiongeza kwenye urefu, na ndiyo itakayokuonyesha kama usage jino moja ili nafasi za meno zilingane.

Piga msasa sentimita tatu za kila ncha, pande zote mbili, hadi chuma king'ae. Futa taya pia. Chembe ya chuma ikibaki kati ya taya na mkanda, cheche itaruka hapo badala ya kwenye kiungo na kuacha kidonda, na mkanda utakuja kukatikia kando ya kiungo chenyewe. Mgongo wa mkanda uguse kizuizi pande zote mbili, na ncha zikutane katikati ya taya bila kupandana.

Kirungu cha msukumo, kinachopanga nguvu ya springi, hufuata upana wa mkanda. Msukumo mdogo huacha vitundu na chuma kilichoungua. Ukizidi, ukinzani pale zinapogusana unapungua, joto halitoshi, na ncha nyembamba zinapandana. Vaa miwani, bonyeza, kaa kando. Swichi ikijikata, legeza kwanza taya inayotembea, ndipo urudishe mkono wa mashine. Ukigeuza mpangilio huo utakivuta kiungo kikiwa chekundu.

Sasa kulegeza kiungo, yaani kukipasha upya na kukipoza polepole ili kisibaki kigumu, hatua inayorukwa mteja akiwa na lori linalongoja nje. Shaba ya taya na chuma baridi cha pembeni hunyonya joto haraka mno, na chuma chenye kaboni nyingi kikipoa hivyo hukakamaa. Ukikipinda, kinapasuka. Rudisha kiungo kwenye nafasi ya kulegezea, taya zikiwa zimeachana zaidi, na ubonyeze swichi kwa vipindi vifupi. Subiri wekundu hafifu, ule unaoonekana kivulini tu. Fanya kazi hii ndani: kwenye jua la mchana wekundu huo hauonekani, na utapitiliza bila kujua. Ukishauona, endelea kubonyeza mara chache, kila mara ukisubiri zaidi, ili joto lishuke polepole. Usimwagie maji, wala usilegezee mlangoni upepo ukivuma.

Nundu isage kufuata urefu wa mkanda hadi unene ulingane na kwingine. Ukiiacha, itagonga rola kila mzunguko. Ukizidisha, umetengeneza mahali pembamba pa kukatika. Kusaga kwenyewe hukakamaza ngozi ya chuma, kwa hiyo pasha tena kidogo ukimaliza.

Jaribu kwa kuupinda mkanda polepole, mviringo ukilingana na gurudumu la mashine ya mteja. Ukikatika na sehemu iliyokatika ikang'aa punjepunje, hukulegeza vya kutosha. Ukikunjika pale kama bawaba na usirudi, umelegeza kupita kiasi. Vitundu vikionekana, rudi kwenye msukumo na usafi.

Kuna mkanda utakaorudishwa ukiwa na nyufa kwenye mabonde ya meno, mbali na kiungo. Huo umechoka, na huenda ni mnene mno kwa gurudumu linaloupinda. Kanuni ya kawaida kwa mikanda ya mbao ni unene usiozidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu, yaani milimita 0.6 kwa gurudumu la milimita 600. Muulize mteja magurudumu yake yana kipenyo gani kabla hujakubali kuunga tena bure.