Usipime mistari ya boneti kutoka kwenye kingo za boneti

Mkuu, simamisha hiyo kazi ya Jumamosi. Umeandika kwamba utachukua futi kamba, upime upana wa boneti ya Ford Escort Mk1 yako (ile ya toleo la kwanza), ugawanye kwa mbili, uweke alama, kisha ufanye hivyo hivyo kwenye paa na buti ndipo upulize mistari miwili ya rangi kutoka mbele hadi nyuma. Hicho ndicho nilichofanya mimi, neno kwa neno. Nimesoma swali lako nikasikia tumbo linanikata.

Mimi pia nina Mk1. Boneti yangu ilipimwa vizuri, milimita kwa milimita. Paa lilipimwa vizuri, na buti vilevile. Tepu ikabandikwa, rangi ya mistari ikapulizwa, klia (ile rangi angavu ya kung'arisha na kulinda) ikafuata juu yake. Gereji ilikuwa finyu, kwa hiyo gari tuliliangalia kwa karibu, nasi tukapeana mikono. Siku ya tatu jirani yangu wa ghorofani akaniita nipande kwake nikalione gari kwa juu. Kutoka pale juu mistari ya boneti ilifika kwenye kioo cha mbele, ikapotea, kisha ikaibuka kwenye paa ikiwa imehama kuelekea kushoto. Nilishuka nikapima: milimita 11. Ukishaliona jambo kama hilo huwezi tena kuacha kuliona. Hata mtoto wangu aliuliza kwa nini barabara ya gari imekatika.

Sababu? Gari langu liligongwa kulia miaka mingi kabla sijalinunua. Fenda ikabadilishwa, na aliyeifunga akaisogeza boneti kwenye bawaba zake ili pengo la pembeni lionekane sawa. Kwa hiyo katikati ya boneti haikuwa katikati ya gari. Hizi Mk1 zilitengenezwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1970; mpaka leo hakuna iliyofika kwetu ambayo haijapigwa nyundo na kujazwa puti mahali fulani. Kingo zake zinakueleza aliyelinyoosha alitaka nini, hazikuelezi gari limekaaje.

Nilimwuliza fundi kabla, nikamwuliza mara mbili. Akanijibu, "Bosi, gari la kiwandani hilo, kingo hazidanganyi." Kazi ilipoharibika akasema macho yangu ndiyo yenye shida. Hakuwahi kuweka uzi juu ya gari hata siku moja, na bado alinitoza kama mtu anayejua. Kwa kuwa mistari ilikuwa chini ya klia, haikuwezekana kuibandua. Ilibidi boneti na paa vipigwe msasa upya na kurudiwa rangi ya chini, mistari na klia. Nililipa shilingi 1,350,000 juu ya zile nilizokwisha kulipa, na gari likalala gereji wiki tano. Bado naumia.

Sasa sikiliza. Tafuta mstari wa kati wa gari zima kabla hujagusa tepu. Upate kutoka kwenye chuma ambacho hakifungwi kwa bolti: fremu ya kioo cha mbele, fremu ya kioo cha nyuma, na mifereji ya maji ya pembeni mwa paa. Usipime kutoka kwenye mpira wa kioo, maana mpira hukaa upande. Weka alama ya katikati juu na chini ya kila fremu. Hapo una alama nne. Simamisha nguzo mbili, moja mbele ya bampa na nyingine nyuma ya buti, funga uzi wa fundi ujenzi juu ya gari, uvute mpaka ulie, kisha ushushe timazi (kizito kinachoning'inia kwenye kamba) kwenye alama moja moja.

Lakini kabla ya timazi, jaza upepo tairi zote sawa, laza ubao ulionyooka juu ya mifereji yote miwili ya paa na uweke pima maji juu yake. Gari likiinamia upande kwa digrii 1 tu, na paa liko juu ya boneti kwa nusu mita hivi, timazi litakudanganya karibu milimita 9. Inua upande ulioshuka kwa jeki mpaka povu likae katikati.

Uzi ukishakubaliana na alama, ndipo uisogeze boneti kwenye bawaba ifuate uzi. Pengo la fenda likiharibika, irekebishe fenda. Grili ya Mk1 ina umbo la mfupa wa mbwa, sawasawa kulia na kushoto, na taa ziko humo humo ndani. Jicho litailinganisha mistari na grili hiyo kila siku.

Tepu ya ukingo iwe ile nyembamba ya plastiki, ya karatasi hupitisha rangi. Shika mwanzo wake, vuta urefu wote hewani, kisha ulaze kwa mara moja. Ukiibandika kidogo kidogo itacheza kama nyoka. Halafu iache ilale usiku mzima. Asubuhi rudi nyuma hatua kumi, chuchumaa, tazama. Panda ngazi, tazama tena. Mimi ningempa yule jirani wa ghorofani kazi ya kudumu.

Kuhusu stika au rangi: stika ikikosewa inabanduliwa, mimi nisingepuliza tena.

Kabla hujafungua kopo, weka hapa picha ya gari likiwa na uzi juu yake, moja ya mbele na moja kutoka juu. Jumamosi nipo tangu saa moja asubuhi, nitaitazama.