Maswali ya Wasomaji: Vidole Vilevile, Midomo Mingine

SWALI: Nimepiga fluti miaka sita. Mwalimu wa bendi amenikabidhi pikolo, ile fluti ndogo, akasema vidole ni vilevile. Lakini noti za chini hazitoki, za juu zinapiga ukelele, na dakika kumi tu midomo imeishiwa nguvu. Nakosea wapi?

JIBU: Kwa vidole mwalimu wako yuko sahihi, ila pikolo nyingi hazina kipande cha mguu, yaani kile cha mwisho wa fluti, kwa hiyo D ndiyo noti ya chini kabisa; usiitafute C. Shida yako iko mdomoni. Tundu la kupulizia la pikolo ni dogo kuliko la fluti, na hewa inasafiri masafa mafupi zaidi kufikia ukingo wa pili. Iweke pikolo juu kidogo kwenye mdomo wa chini kuliko unavyoweka fluti, kisha usiikandamize. Ukikandamiza, mdomo unaziba tundu, sauti inakonda, nawe unapuliza kwa nguvu zaidi kuifidia. Huo ukelele unatoka hapo.

Pikolo inataka hewa kidogo yenye kasi. Mwanya wa midomo uwe mdogo, lakini pembe za midomo zisivutwe nyuma kama mtu anayetabasamu, zisogeze mbele. Mtu akivuta pembe, misuli inachoka mapema sana. Jambo jingine linalowashangaza wapiga fluti: unaweza kumaliza sentensi ya muziki huku kifua bado kimejaa hewa iliyochakaa. Itoe kwanza, ndipo uvute nyingine.

Kwa wiki mbili za mwanzo, pasha midomo kwa fluti dakika 10, piga pikolo dakika 10, kisha rudi kwenye fluti. Huko kurudi ndiko kunakokupima: fluti ikitoa sauti nyembamba iliyobanwa, ulikuwa unabana midomo kwenye pikolo. Upande wa pikolo, anza na B iliyo katikati ya mistari, ushuke nusu-toni moja moja, kila noti hesabu 8, kwa sauti ndogo. Kadiri unavyoshuka, legeza midomo na uelekeze hewa chini zaidi. Usitarajie D ya chini ingurume. Kimaumbile ni hafifu, na ukiilazimisha itaruka oktava. Ikigoma kabisa hata midomo ikiwa sawa, mpe fundi akague pedi, yaani vizibo laini vya matundu, kwani hata upenyo mdogo unaua noti za chini.

SWALI: Peke yangu nasikika vizuri, lakini nikiungana na fluti mbili tunagombana. Tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, inasema nimekosea kidogo tu.

JIBU: Kidogo huko juu si kidogo. Pikolo hulia oktava moja juu ya ilivyoandikwa. C yake ya juu kabisa hufikia takriban hezi 4186, sawa na kitufe cha mwisho cha piano. Kosa la senti 10, yaani sehemu ya kumi ya nusu-toni, kwenye A ya hezi 440 huleta mipigo (sauti kupanda na kushuka pale noti mbili zinapokaribiana) miwili na nusu kwa sekunde. Kwenye C ile, kosa hilohilo huleta mipigo 24. Wenzako wanasikia mkwaruzo.

Anza na koki, kizibo kilicho ndani ya kichwa cha pikolo, yaani kipande chenye tundu la kupulizia: ingiza kijiti cha kusafishia, alama ya kijiti ionekane katikati ya tundu. Koki isipokaa hapo, oktava hazitakubaliana hata uvute kichwa kiasi gani. Kisha acha kuitazama tyuna muda wote. Iache itoe noti moja mfululizo, oktava mbili chini yako, nawe upige juu yake mpaka mipigo itulie. G shapu ya juu ikipaa, ongeza kidole cha kati na cha pete vya mkono wa kulia. E ya juu ikikataa kutoka, inua kidole kidogo cha kulia.

SWALI: Ninunue ya mpingo au ya plastiki?

JIBU: Kwa gwaride na jua, plastiki. Kwa ukumbini, mpingo una sauti laini zaidi, ila hupasuka: hewa ya moto ya pumzi ikiingia kwenye mbao baridi, upande wa ndani hutanuka kabla ya wa nje. Ipashe kwa viganja au kwapani kabla ya kupuliza. Ikiwa mpya, piga dakika 15 kwa siku, uongeze taratibu kwa wiki kadhaa, na uikaushe ndani kila unapomaliza. Tahadhari ya kuipasha ina kazi hata jukwaani: katika Simfonia ya 5 ya Beethoven, pikolo hukaa kimya mpaka sehemu ya nne, kwa hiyo ifunike viganjani wakati wote wa kusubiri.

Na chochote utakachonunua, ziba sikio la kulia unapofanya mazoezi chumbani. Ndilo lililo upande wa ala na sauti yake kali.