Mashine Mpya Haikuulizi Kitu

Jumatatu bakuli limeruka tena kutoka kwenye mashine ya kukereza mbao. Halikumpata mtu, liligonga ukuta, likabingirika hadi chini ya benchi, na aliyekuwa akikereza akacheka kile kicheko cha mtu aliyekoswakoswa na gari. Nami nikacheka. Kisha nikaenda kuangalia swichi ya mwendo: 2,600. Kipande cha inchi 10, bado kina magome, mizunguko 2,600 kwa dakika!

Basi haya ni kwa ajili yenu mnaobishana kila siku ipi bora, mashine ya zamani au mpya, huku mpya mnaiendesha kwa mazoea mliyoyaona kwetu tuliokulia kwenye ya zamani.

1. Uzito. Ya zamani ni chuma cha kusubu mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana inameza mtikisiko. Mpya nyingi ndogo zimesimama juu ya miguu ya bati. Wekeni mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini, tusonge mbele.

2. Mwendo. Hapa ndipo lilipo kovu langu.

Mashine niliyojifunzia ilikuwa na puli ya ngazi nne. Kubadilisha mwendo ilikuwa shughuli: uzime, ufungue kifuniko, ulegeze mota, uhamishe mkanda, ukaze tena, vidole vyote vyeusi. Tulilalamika sana. Lakini huwezi kuushika mkanda kwa mkono wako halafu usijue uko ngazi ipi.

Ilipokuja ya swichi ya kuzungusha tukashangilia. Jioni moja nikakereza vipini vya patasi, vyembamba, mwendo 2,400. Nikazima, nikafagia, nikaenda zangu. Asubuhi nikafunga kipande cha bakuli, inchi 10, upande mmoja mzito kwa sababu ya fundo, kwenye sahani ya chuma ya mashine kwa skrubu nne fupi. Nikabonyeza kitufe cha kijani. Mashine hizi huanza kwa adabu, hupanda polepole kwa sekunde kadhaa, nami nikasimama mbele yake kabisa nikisubiri itulie kwenye 600. Haikutulia. Miguu ikaanza kugonga sakafu, taa ikacheza juu ya kichwa changu, na badala ya kukimbia nikainama kuifuata swichi, ambayo ilikuwa upande wa pili wa kile kipande. Kikachomoka na skrubu zake zote.

Pigeni hesabu: ukingo wa inchi 10 kwa mwendo huo unakimbia karibu mita 32 kwa sekunde, yaani kama gari lililo kwenye kilomita 115 kwa saa. Kiligonga egemeo la patasi kikapasuka. Nusu ikaenda darini, nusu ikanipata tayani. Ngao ya uso ilikuwa msumarini, safi, haina hata mkwaruzo. Nilishonwa nyuzi saba, nikamwambia mzee aliyenifundisha kwamba nimejigonga mlangoni. Akaangalia tundu la darini, akaangalia bandeji, akauliza, "Mlango huo ulikuwa mizunguko mingapi?"

Zidisha kipenyo kwa inchi mara mizunguko. Jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Inchi 10 ni 600 hadi 900, na kipande ambacho bado hakijawa duara huanzia chini ya hapo. Ukizima, rudisha swichi hadi mwisho wa chini. Na usisimame usawa wa kipande unapowasha, hata kama unajiamini. Hasa kama unajiamini.

3. Nguvu. Hata mpya ina mkanda na puli zake, lakini mnaacha mkanda kwenye puli ya mwendo mkali mwaka mzima, mnashusha kwa swichi tu. Umeme ukipunguza mwendo, nguvu ya mota inashuka nao. Puli ikipunguza mwendo, nguvu ya kusokota inaongezeka. Ndiyo maana bobari, ile patasi ya mfereji, ikizama kidogo mashine inasimama, na mnaitukana. Kwa bakuli, mkanda uwe kwenye puli ya mwendo wa chini. Ningefanya hivyo siku ile, swichi isingeweza kunifikisha 2,400.

4. Kurudi nyuma. Mota yetu ya zamani ilizunguka upande mmoja maisha yake yote, kwa hiyo hakuna aliyetuonya: ukigeuza mzunguko bila kukaza skrubu ya kufungia, chaki, ile taya inayobana kipande, hujifungua yenyewe.

5. Pima shafti, ule mhimili wa mashine unaofungiwa chaki, kabla ya kununua chaki. Kuna za unene wa inchi moja zenye meno 8 ya skrubu kwa kila inchi, kuna za M33, yaani milimita 33. Yupo aliyejaribu kuziba pengo kwa utepe wa bomba. Simtaji, najua anasoma.

6. Ncha ya mkiani, ile inayoegemeza mwisho wa kipande, kwenye mashine ya zamani haizunguki. Ipakeni nta au grisi. Ule moshi mnaousifia kwamba unanukia ni mbao inaungua.

Na wewe wa Jumatatu, bakuli lako nimelitoa chini ya benchi. Lina ufa upande mmoja, lakini kitako umekikata vizuri kuliko changu cha kwanza. Njoo ulichukue, na uje na ngao yako.